Ukurasa Unaotangulia Kuchomoka

Chukua kitabu cha matengenezo cha Land Rover ya zamani, kile kilichokaa gereji miaka na miaka, ukishike kwa majalada yake mawili na ukitikise taratibu. Si vigumu kutabiri ukurasa utakaotangulia kuanguka. Mara nyingi ni ule wa kuseti tapeti.

Injini ya petroli ya lita 2.25 iliingia na Land Rover Series II mwaka 1958. Ina valvu nane, na nafasi ya tapeti kwa zote ni inchi 0.010, yaani kama robo ya milimita. Kitabu kinafundisha hesabu ya tisa: valvu ya nane ikiwa imesukumwa chini kabisa, seti ya kwanza; ya sita ikiwa chini, seti ya tatu; namba hizo mbili zikijumlishwa lazima zitoe tisa. Fundi mzoefu ameshaikariri. Kijana anayejifunza kazi hajaikariri, na kila gari la aina hiyo linapoingia hufungua ukurasa uleule kwa vidole vilivyojaa oili, akakilaza kitabu juu ya madigadi na kukigandamiza kwa spana mbili kisijifunge. Baada ya miaka kadhaa mgongo wa kitabu hupasuka hapohapo. Ukishapasuka mahali pamoja, kurasa za jirani hazina cha kuzishika.

Rhotia ni mahali ambapo vitabu vya namna hii bado vina kazi. Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini, na Rhotia iko huko juu, kabla ya kufika mji wa Karatu. Lami ilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, nayo huishia kwenye lango la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Kuanzia hapo ni changarawe, mashimo na vumbi hadi Serengeti. Gari linalorudi jioni likiwa limevunjika springi linatakiwa liwe tayari alfajiri, kwa sababu kuna wageni wanaolisubiri. Ndiyo maana ukanda huu una mafundi wengi, na baadhi ya kazi zao hufanyika usiku kwa mwanga wa tochi.

Siku hizi magari mengi ya watalii ni Toyota Land Cruiser, hasa yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, iliyotoka mwaka 1990. Lakini Land Rover hazijaisha. Zipo za mashambani, zipo zinazobeba abiria na mizigo kwenda vijiji ambavyo basi haliendi, na zipo zilizofufuliwa kwa mapenzi tu. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifanya tamasha la Land Rover, likilenga kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Waliokwenda kutazama waliona magari yaliyowazidi umri madereva wake. Gari la umri huo halina kompyuta ya kumwambia fundi kinachouma. Lina kitabu.

Kitabu chenyewe si cha aina moja, na hapa ndipo ukarabati unapoanza. Anayetaka kukitengeneza sharti ajue kwanza kimeshikwa na nini.

Vile vya zamani zaidi mara nyingi vilikuwa karatasi zilizotobolewa na kupangwa ndani ya faili la pete. Kiwanda kilikuwa na sababu: marekebisho yalipotoka, karatasi ya zamani ilitolewa na mpya ikaingizwa. Faili la namna hiyo hulala wazi juu ya benchi bila kushikiliwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna muundo uliowahi kuifaa gereji kuliko huo. Udhaifu wake uko kwenye matundu. Karatasi inapofunguliwa mara nyingi tundu hupasuka hadi ukingoni, ukurasa ukaanza kuning'inia, mwisho ukapotea.

Vijitabu vyembamba vya nyongeza vilishonwa kwa pini za chuma katikati. Pini hizo hushika kutu wakati wa masika, na kutu hula karatasi kuizunguka. Vipo pia vilivyoshonwa kwa uzi, kurasa zikiwa zimekunjwa mafungu mafungu na kila fungu kushonwa kupitia kwenye mkunjo wake. Hivi ndivyo vinavyodumu.

Kundi kubwa, na lenye matatizo zaidi, ni vitabu vya jalada laini. Humo hakuna mafungu wala uzi. Kiwandani karatasi zimepangwa, ukingo wa mgongoni ukakwaruzwa na mashine, kisha ukapakwa gundi ya moto inayoganda mara moja. Ni njia ya haraka na rahisi, na kitabu kinatoka kizuri dukani. Lakini gundi hiyo inapozeeka hukauka na kuwa ngumu kama kioo. Siku kitabu kinapokunjuliwa kwa nguvu juu ya injini, inavunjika. Joto la boneti na baridi ya usiku wa nyanda za juu za Karatu havisaidii. Vumbi jekundu nalo huingia katikati ya kurasa na kusaga karatasi kila zinapofunguliwa.

Adui mwingine ni msaada wa haraka. Selotepu ndiyo dawa ya kwanza ambayo kila mtu huikimbilia, na ndiyo inayoharibu zaidi. Baada ya miaka michache plastiki yake hubanduka yenyewe, lakini ule ulimbo wake unabaki ndani ya karatasi, ukiwa wa njano, unanata, na hautoki. Gundi ya fundi viatu huwa ya kahawia na kukatika. Supaglu hugandisha ukingo ukawa mgumu, na karatasi hukatika kando yake. Wapo pia wanaofuta madoa ya oili kwa petroli, kwa kuwa petroli ipo karibu. Petroli hulitawanya doa likawa kubwa na jembamba, na fundi anabaki ameshika karatasi iliyo tayari kuwaka.

Ukweli ni kwamba oili ya injini iliyokwisha kuingia kwenye karatasi haitoki yote. Kinachowezekana ni kuipunguza. Unga wa muhogo au poda ya mtoto hunyunyizwa juu ya doa, huwekwa karatasi safi juu yake na kitu kizito, huachwa hadi kesho, kisha unga hufagiliwa kwa brashi laini. Hurudiwa hadi unga uache kubadilika rangi. Maandishi yakisomeka, kazi hiyo imekwisha. Kutafuta weupe wa zamani ni kupoteza siku. Mahali pasipovumilia mafuta ni ukingo wa mgongoni tu, kwa sababu gundi haishiki karatasi yenye oili. Hapo hupitishwa kitambaa chenye spiriti ya kidonda kidogo, na kama bado haikubali, ukanda mwembamba wa karatasi mpya hugundishwa ukingoni uwe ndio unaoshikwa badala ya karatasi ya zamani.

Kabla ya gundi yoyote, kurasa hupangwa. Ni kazi inayodharauliwa, nayo ndiyo inayoamua kama kitabu kitakuwa na faida. Vitabu vya Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, vina namba za kazi zenye jozi tatu. Jozi ya kwanza hutaja sehemu ya gari: 12 ni injini, 37 ni gia boksi, 70 ni breki, 86 ni umeme. Hivyo hata kurasa zikiwa zimemwagika sakafuni, mtu mwenye subira anaweza kuzirudisha mahali pake kwa kufuata namba hizo bila kusoma neno la Kiingereza. Zinazokosekana hujulikana mapema, na nakala zake hutafutwa kabla mgongo haujafungwa. Kufungua tena mgongo uliokwisha kauka kwa ajili ya ukurasa mmoja ni mateso.

Sasa vifaa. Anayedhani kujalidi kunahitaji karakana maalumu aingie gereji yoyote. Jiliwa ya kubana vyuma ndiyo kibano cha kitabu, mradi mbao mbili nyoofu ziwekwe pande zote ili meno yake yasiume karatasi. Msumeno wa chuma upo. Brashi ipo. Gundi inayofaa ni ile nyeupe ya maseremala, inayokauka ikabaki na unyumbufu. Uzi mzuri ni wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki usije ukajisokota. Uzi wa nailoni wa kushonea viatu haukatiki, na hiyo ndiyo kasoro yake: kitabu kikivutwa, uzi utabaki salama na karatasi ndiyo itakayokatika.

Kwa kitabu cha jalada laini kilichoachia, njia ya kuaminika ina jina la Mjerumani Emil Lumbeck, aliyeieneza katika miaka ya 1930. Gundi ya zamani hukwanguliwa yote. Kurasa hugongwagongwa juu ya meza mpaka ukingo uwe sawa, kisha hubanwa kwenye jiliwa mgongo ukiangalia juu, huku sehemu kubwa ya karatasi ikiachwa huru juu ya mbao. Halafu kurasa hizo hulazwa upande mmoja zifunguke kidogo kama upepeo, na gundi hupakwa. Hulazwa upande wa pili, hupakwa tena. Zinaposimamishwa, kila karatasi imeguswa na gundi usoni na mgongoni kwa upana wa nusu milimita hivi, badala ya kuguswa kwenye ncha yake tu. Nusu milimita hiyo ndiyo tofauti yote. Kitabu kilichogundishwa hivyo hufunguka hadi karibu na mgongo na kulala, tena kwa gundi ya baridi isiyohitaji mashine.

Kitabu kinene, na vya gereji huwa vinene, huongezewa kitu. Msumeno hupitishwa mgongoni kukata mifereji midogo, kina chake milimita moja au mbili, na ndani ya kila mfereji huzamishwa uzi uliolowa gundi. Juu yake hubandikwa shashi ya bendeji, pana kuliko mgongo kwa vidole viwili kila upande, ili hayo mabaki yashikwe na jalada. Kisha subira. Gundi nyeupe inaonekana kavu baada ya saa moja, lakini kitabu kikifunguliwa siku hiyohiyo huharibika. Usiku mzima chini ya uzito ndio kipimo cha chini.

Wapo wanaopenda njia ya mkato: kutoboa kitabu chote kwa drili kando ya mgongo na kukishona kwa uzi unaopita juu hadi chini. Ni imara kweli. Lakini kitabu hakitalala wazi tena maisha yake yote, na maneno yaliyo karibu na mgongo yatamezwa na mshono. Kwa daftari la hesabu za duka si neno. Kwa fundi aliyelala chini ya gari huku mkono mmoja umeshika hausingi ya difu, kitabu kinachojifunga chenyewe hakina tofauti na kitabu kilichopotea.

Vyenye mafungu yaliyokunjwa hurekebishwa kwa sindano, na hapo gundi nyeupe si ya lazima. Uji wa unga wa ngano unatosha, na ngano ni zao la Karatu lenyewe. Kikombe cha unga kwa vikombe vinne au vitano vya maji, hukorogwa motoni mpaka uwe mzito na wa kung'aa, ukapoa, ukachujwa kwa kitambaa. Sifa yake kubwa ni kwamba unarudi nyuma: anayekuja kutengeneza kitabu miaka ishirini baadaye ataulowesha kwa maji na kuubandua bila kuichana karatasi, jambo ambalo gundi ya seremala haikubali kwa urahisi ikishakauka. Kasoro yake ni kupendwa na mende na mchwa. Wajalidi wa zamani walitia shabu ili usioze, lakini shabu huongeza tindikali inayoichakaza karatasi. Afadhali upikwe kidogo, utumike siku hiyo, na kitabu kikae ndani ya sanduku la chuma.

Matundu yaliyopasuka kwenye kurasa za faili la pete huzibwa kwa vipande vya karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu. Wataalamu wa makumbusho hutumia karatasi ya Kijapani. Isipopatikana, kipande cha karatasi laini kilichochanwa kwa mkono, bila kukatwa kwa mkasi, kikibandikwa kwa uji huohuo pande zote mbili, kitafanya kazi. Ncha zilizochanika zina nyuzi zinazoshikana na karatasi ya zamani, hali ukingo wa mkasi hutengeneza mstari mpya wa kukatikia.

Jalada nalo lina hadithi yake. Makatoni ya boksi la filta yana mawimbi ndani na huvunjika. Jalada gumu la nyuma la kaunta buku ni bora. La nje linafaa kuwa turubai, lile la viti vya magari ya safari, ambalo vipande vyake hutupwa kila viti vinapovalishwa upya. Turubai haliogopi grisi na hufutika.

Hapa pwani ina jambo la kuwafundisha watu wa nyanda za juu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa mashuhuri karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa misahafu, wajalidi na mafundi wa ngozi. Majalada ya Kiislamu ya jadi yalikuwa na ulimi, kipande cha ziada kilichotoka kwenye jalada la nyuma kikakunjwa kufunika ukingo wa mbele wa kurasa. Ulimi huo ulilinda kurasa na kuzizuia zisitanuke kwa unyevu. Hakuna kinga bora dhidi ya vumbi la Rhotia. Turubai la kiti likiachwa refu kwa upande wa nyuma, likakunjwa mbele na kufungwa kwa kamba, kitabu hakitaingia mchanga hata kikisafiri kwenye sanduku la spea hadi Seronera, ndani ya Serengeti. Misahafu ya Siyu na gia boksi ya Land Rover havikupata kukutana, lakini tatizo la vumbi na ukingo ulio wazi ni lilelile.

Mtu atauliza kwa nini kuhangaika. Vitabu vingi vya zamani vimechapwa upya. Kampuni ya Brooklands Books ya Uingereza imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Nakala za kusomea kwenye simu zinazunguka kwenye makundi ya mafundi. Na hata Haynes, jina kubwa kuliko yote katika vitabu hivi, ilitangaza mwishoni mwa 2020 kwamba haitachapa tena vitabu vipya vya karatasi vya ufundi wa magari. Wazo la vitabu hivyo, kwa bahati, lilizaliwa jirani na bahari yetu: John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza kituoni Aden alipomsaidia mwenzake kufungua injini ya Austin-Healey Sprite, akaona kitabu cha kiwanda hakimfai mtu wa kawaida, akapiga picha hatua kwa hatua. Kitabu cha kwanza cha namna hiyo kilitoka mwaka 1966.

Hoja ya simu ina nguvu. Simu haipasuki mgongo, na picha hukuzwa. Nakala ya kuchapwa upya, kama fundi anaweza kuipata, ni safi kuliko ile yenye oili. Kitabu ambacho hakina chochote zaidi ya chapa ya kiwanda hakistahili usiku wa gundi; kinunuliwe kipya.

Kinachostahili ni kile kilichoandikwa pembeni. Vitabu vilivyopita mikono ya mafundi wa Kitanzania vina mwandiko wa kalamu ya risasi na wino: vipimo vya inchi vilivyogeuzwa milimita, jina la sehemu kwa Kiswahili cha gereji kando ya jina la Kiingereza, beringi ya gari jingine inayoingia bila kuchongwa, tarehe injini ilipofunguliwa. Maarifa hayo hayamo kwenye nakala ya Uingereza wala kwenye simu. Yameandikwa ukingoni, tena mara nyingi kwenye ukingo wa ndani karibu na mgongo, mahali pale ambapo mjalidi mwenye haraka hupitisha kisu ili kupata ukingo mpya ulionyooka. Kwa hiyo kwenye vitabu hivi kisu hakitumiki mpaka kila ukurasa utazamwe. Penye mwandiko karibu na ukingo, ni heri kuongeza ukanda wa karatasi kuliko kupunguza milimita mbili.

Busara nyingine ni kupiga picha kurasa kumi au kumi na tano zinazotumika zaidi kabla ya kufunga kitabu, zikachapwa stationari, zikatiwa plastiki na kufungwa kwa waya wa mzunguko. Hizo ndizo za kulala juu ya madigadi na kugandamizwa kwa spana. Kitabu chenyewe kibaki ofisini, kitolewe kazi inapokuwa ngumu.

Bado kitu kimoja, ambacho wengi hukisahau kwa kuwa kitabu tayari kinaonekana kizuri: maandishi ya mgongoni. Jalada jipya la turubai halisemi ni la gari gani, na gereji yenye vitabu vitatu vinavyofanana itafungua kisicho chake. Land Rover za Series IIA za mwanzo ziliunganisha upande chanya wa betri na bodi. Kuanzia mwaka 1967 hivi kiwanda kiligeuza, upande hasi ndio ukaenda kwenye bodi. Gia boksi ya Series III ina sinkro kwenye gia zote za mbele, ya IIA inazo kwenye ya tatu na ya nne tu. Kwa hiyo mgongoni iandikwe kwa rangi isiyofutika aina ya gari, miaka, injini, na upande wa betri unaokwenda kwenye bodi.